Rangi Haipotei

Oda iliingia saa nne usiku, mimi nikiwa nimeshakata tamaa ya kupata kazi wiki ile. Kurasa 12. Mada: matumizi ya vitu vya kikaboni vyenye vitundu vidogo katika kuondoa rangi za nguo kwenye majitaka. Marejeo yasipungue 25. Muda, saa 36. Nilisoma maagizo mara mbili, nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kutoka chumbani kwake, "Kuna nini huko?" Nikamwambia hakuna kitu.

Lakini kulikuwa na kitu. Kando ya kompyuta yangu, juu ya meza hiyohiyo, palikuwa na glasi ya maji ya samawati, na glasi hiyo ilikuwa imetunyima usingizi siku ya tatu sasa.

Ililetwa na bibi wa nyumba ya tatu. Tunakaa Kisauni, na huku kwetu maji ya mfereji huja yakipenda, kwa hivyo mwenye kisima ni mtu wa heshima. Bibi ana kisima. Asubuhi hiyo alibisha hodi, nikafungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yupo uani."

"Usimwite. Nimewaletea maji yenu."

Akaiweka glasi kizingitini, akaondoka. Hakupiga kelele, hakutukana. Angetukana ingekuwa afadhali. Niliinua ile glasi, nikaielekeza kwenye jua. Samawati ilikuwa nyepesi sana, kama maji uliyosuzia shati jipya la shule. Lakini ilikuwepo. Na mtaa mzima unajua nyumba gani humwaga maji ya rangi.

Mama hutengeneza batiki. Hufunga kitambaa cha pamba kwa uzi na mipira, hukitumbukiza kwenye karai la rangi, hukikamua, hukifungua, na ghafla uani kunachanua maua ambayo hayapo popote duniani. Huuza madera, shuka za ufukweni, vitambaa vya meza. Miaka ya utoto wangu alitumia zile rangi za zamani zinazotaka kostiki soda, na kwenye mkono wake wa kushoto kuna kovu la kostiki lenye umbo kama la ramani ya kisiwa. Baadaye akahamia kwenye rangi za maji baridi. Hizi hazichomi, hazinuki, na hazihitaji moto. Unachohitaji ni chumvi na magadi, yaani ile soda ambayo nchi yetu inayo kule Ziwa Magadi. Magadi huyafanya maji yateleze kwenye vidole kama sabuni, na katika maji ya namna hiyo rangi hushikana na uzi wa pamba kikweli, kifundo kwa kifundo, haitoki tena.

Shida ni kwamba si rangi yote hufika kwenye uzi. Nyingine hukutana na maji kwanza, ikashikana nayo, na ikishaolewa na maji haiwezi tena kuolewa na pamba. Hiyo ndiyo unayoiona ukisuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata viwandani, sehemu isiyoshika inaweza kuwa asilimia 10, inaweza kufika 50, kutegemea rangi na namna inavyotiwa. Uani kwetu hakuna mashine wala kipimo. Kuna karai, kuna mikono ya mama, na kuna mtaro unaopita nyuma ya choo, unapita karibu na kisima cha bibi, kisha unateremka polepole mpaka kwenye mikoko ya hori ya Tudor.

Nikiwa mdogo niliupenda mtaro ule. Jumatatu ulikuwa zambarau, Alhamisi kijani. Tulitengeneza mashua za makaratasi tukazishindanisha. Hakuna aliyetuambia ni uchafu. Ulikuwa mzuri mno kuwa uchafu.

*

Rangi hizo ndizo zilizonilipia karo. Nimesoma shule ya msingi kwa rangi, sekondari kwa rangi, na miaka miwili na nusu ya shahada ya kemia Nairobi kwa rangi pamoja na mkopo. Halafu watalii wakapungua, maduka yakaacha kuchukua mali kwa wingi, na deni la chuo likawa linakua kama mtoto anayelishwa vizuri. Muhula mmoja sikuruhusiwa kufanya mtihani. Nikasema nitarudi muhula ujao. Huo muhula ujao bado haujafika, na mimi sai nina miaka 26.

Watu huniuliza kwa nini nilichagua kemia. Jibu ni somo moja la maabara, mwaka wa pili. Mwalimu alitupa chupa ya maji yenye rangi iitwayo methylene blue, samawati nzito ambayo ikikugusa kidole unatembea nayo wiki nzima. Akatupa na kijiko cha unga mweusi. Tukatia unga kwenye chupa, tukatikisa, tukachuja. Yakatoka maji meupe pe! Nilibaki nimeishika ile chupa mpaka mwenzangu akaninyang'anya. Nilimfikiria mama. Nilifikiria mtaro. Nikajisemea, kumbe dawa yetu iko hapa, na ni makaa tu.

Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nangoja nimalize, nirudi na karatasi mkononi, niseme nikiwa mtu anayesikilizwa.

Badala yake nilirudi na begi moja, nikaanza kuandika. Wakenya wa rika langu wanaijua kazi hii, hata kama hatuitaji mbele za wageni. Mwanafunzi wa ng'ambo amechoka, au amezidiwa na kazi, au ni mvivu tu. Analipa, na kijana wa Kisauni au wa Juja anamwandikia. Akaunti si yangu. Nimeikodi kwa mtu ambaye ameikodi kwa mtu, na kila mmoja hukata chake kabla dola hazijanifikia. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria za baharini, saikolojia ya ndoa. Najua si kazi ya kujivunia. Najua pia kwamba ndiyo inayolipa umeme.

Lakini kemia ilikuwa haijawahi kuja. Usiku ule ilikuja yenyewe, tena imekuja na mtaro wetu.

*

Hebu niwaeleze nilichoandika, kwa sababu sehemu ile niliiandika kwa mapenzi.

Chukua kipande cha makaa. Ukikiona kwa macho ni kigumu. Ukikiona kwa darubini kali ni jumba lenye vyumba visivyohesabika, na vyumba vina vijia, na vijia vina vijitundu. Makaa yaliyoandaliwa vizuri kwa joto kali na mvuke yanaweza kuwa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 1,000 katika gramu moja. Gramu saba tu, kijiko kimoja cha mezani hivi, zinatosha kukutandikia uwanja mzima wa kandanda. Rangi ikiingia humo haifyonzwi kama maji kwenye sponji. Inanata ukutani. Kila molekuli hutafuta mahali pa kushika, ikishapata, hutulia.

Makaa ni kitu cha kale. Kilicho kipya ni kwamba wanakemia sasa hawasubiri moto uwachimbie vitundu. Wanavijenga. Wanachukua vipande vya kikaboni, kama fundi anavyochukua matofali, wanaviunganisha mpaka vinakuwa wavu wenye matundu ya kipimo walichokitaka wenyewe. Mwaka 2005 kundi la Omar Yaghi lilitangaza nyavu za kwanza za namna hiyo zilizojipanga kwa utaratibu kama fuwele. Mwaka 2025 Yaghi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson, kwa kazi ya nyavu za jamaa hiyohiyo ila zenye chembe za metali ndani yake. Nilisoma habari zake saa tisa za usiku. Alizaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba yenye chumba kimoja, na maji yaliyofika kwa saa chache kisha yakakatika. Nikasema, huyu mtu anaijua Kisauni.

Uzuri wa nyavu hizi ni kwamba unaweza kuzipangia. Unataka tundu pana zaidi? Unatumia kipande kirefu zaidi. Unataka ukuta upende rangi zenye chaji hasi? Unauwekea chaji chanya. Ukurasa baada ya ukurasa nilikuwa naandika takwimu za watu walioondoa rangi karibu yote kwa dakika chache. Na karibu kila jaribio lilitumia rangi ipi? Methylene blue. Rafiki yangu wa mwaka wa pili.

Saa kumi alfajiri nikafikia sehemu ambayo mteja alitaka iwemo: umuhimu wa teknolojia hii kwa nchi maskini. Nikaandika kwamba jamii zinazotia rangi nguo kwa mikono, katika makazi yasiyo na mifereji ya majitaka, zingenufaika sana. Nikasimama hapo. Nje, mama alikuwa ameshaamka, nasikia karai likiburuzwa. Nimeandika kuhusu mamangu kwa lugha ya mtu ambaye hajawahi kumwona, ili mtu ambaye hatamwona kamwe apate alama.

Nikafunga kompyuta, nikaenda kutafuta vifuu.

*

Vifuu si tatizo Mombasa. Kila nyumba ina mbuzi ya kukunia nazi, na kila kona kuna mtu anayeuza nazi zilizokunwa. Kwa bei ya shukrani nilipata gunia zima. Nilivichoma ndani ya mkebe wa chuma wenye mfuniko, nikaacha kitundu kidogo cha moshi, maana ukiruhusu hewa nyingi unabaki na majivu. Nikatwanga kwenye kinu kikuukuu, nikachekecha, nikaosha mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Nikakata mtungi wa lita 20 kitako, nikaugeuza kichwa chini, nikapanga: kitambaa, kokoto, mchanga, makaa, kitambaa tena. Mama alinitazama muda wote huo bila kusema. Mtu aliyekulipia karo ana haki ya kunyamaza namna hiyo.

"Mimina," nikamwambia.

Akamimina maji ya suzo la kwanza, zambarau iliyokolea. Tukangoja. Chini yakatoka maji ya zambarau iliyokolea.

Mama akasema, "Labda yanaona haya."

Nilicheka lakini usiku sikulala. Nilirudi kwenye daftari zangu za chuo, zile nilizokuwa nimeapa kuzichoma, nikatafuta kosa. Nililipata, na lilikuwa limejificha ndani ya lile somo nililolipenda.

Methylene blue ina chaji chanya. Mabaki karibu yote ya mimea, maganda, majani, vumbi la mbao, yana tabia ya kuwa na chaji hasi ndani ya maji. Hasi na chanya huvutana, kwa hivyo hata ukitupa maganda ya ndizi kwenye methylene blue utapata matokeo ya kujisifia. Ni mwanafunzi mtiifu anayeitwa kila wageni wakija shuleni. Rangi za mama si hivyo. Ili ziyeyuke kwenye maji baridi zimetengenezwa zikiwa na chaji hasi. Na magadi yake yanafanya maji yawe makali upande wa pili wa asidi, hali ambayo huzidi kuupa ukuta wa makaa chaji hasi. Hasi kwa hasi, kama vichwa viwili vinavyofanana vya sumaku. Rangi ilipita mlangoni mwa makaa, ikasukumwa, ikaendelea na safari.

Kosa la pili lilikuwa vifuu vyenyewe. Makaa ya vifuu yanasifika dunia nzima, lakini sifa yake ni vitundu vyembamba sana, vingi chini ya nanomita mbili, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Vinafaa gesi na molekuli ndogo. Molekuli ya rangi ya mama ni dude kubwa, lina mikono na miguu. Nilikuwa nataka kupitisha kabati kwenye tundu la funguo.

Isitoshe, makaa yangu yalikuwa makaa ya mkebe tu. Yale ya kitabuni hupikwa kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi. Mimi nilikuwa na mkebe na dua.

Nilijaribu tena. Safari hii nilikwenda kwa muuza makaa nikaomba chenga, zile chembe zinazobaki chini ya gunia ambazo hakuna anayezinunua. Makaa ya miti yana matundu makubwa zaidi kuliko ya vifuu. Halafu kabla ya kuchuja, nikatia siki kwenye maji ya rangi, kidogokidogo. Yalitoa povu, yakachemka bila moto, maana magadi yakikutana na asidi hutoa gesi. Sikuwa na kipimo cha maabara, lakini jikoni kulikuwa na manjano. Manjano ni kipimo. Ukitia tone la maji ya magadi kwenye karatasi iliyopakwa manjano, inageuka nyekundu kama damu kavu. Magadi yakiisha nguvu, inabaki njano. Mama alishangaa kwamba amekuwa akipikia pilau kipimo cha kemia miaka yote hiyo.

Karatasi ilipobaki njano, nikaongeza siki kidogo zaidi, nikachanganya maji na chenga ndani ya ndoo, nikakoroga, nikaacha yalale. Asubuhi nikayapitisha kwenye mtungi.

Hayakutoka meupe kama yale ya chuoni. Yalitoka na rangi hafifu, kama maji ya waridi. Ndoo ya pili ikawa hivyo, ya tatu hivyo. Mama aliingiza mkono mzima, akautoa, akautazama. Hakusema neno. Aliita tu, kwa sauti ya chini, "Babangu."

Ndoo ya tano ikaanza kukolea. Ya saba ilitoka kama ilivyoingia. Kuta zilikuwa zimejaa.

*

"Sasa ile rangi imekwenda wapi?" mama akauliza jioni hiyo.

"Imo ndani ya makaa."

"Haijafa?"

"Haijafa. Imenata tu."

"Na makaa utayapeleka wapi?"

Nikanyamaza. Hilo ni swali ambalo kwenye makala 25 nilizozisoma lilijibiwa kwa sentensi moja mwishoni, tena kwa haraka. Wengine huosha makaa kwa kemikali ili yatumike tena, lakini hapo rangi inarudi kwenye maji mengine. Wengine huyachoma kwenye tanuri la joto kali. Sisi hatuna tanuri. Nilimimina makaa yaliyotumika kwenye gunia nikaliweka nyuma ya mlango wa bafu, nikasema nitafikiria.

Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka dukani nikasikia harufu chungu uani. Mama alikuwa ameishiwa makaa, akaona gunia lipo, akawasha jiko. Maharagwe yalikuwa motoni. Niliruka nikamwaga maji kwenye jiko, moshi ukatuvaa wote wawili, tukakohoa mpaka machozi. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Ungeniambia," akasema. "Unaandika kurasa na kurasa za watu wa huko, mimi wa hapa huniambii."

Nikakaa chini nikamweleza, kwa mara ya kwanza, kila kitu. Kwamba rangi nyingi za namna hii hushikiliwa na kiungo kimoja cha nitrojeni. Kwamba kiungo hicho kikikatika, kwa mfano kwenye tope lisilo na hewa kama lile la mikoko, hubaki vitu visivyo na rangi yoyote, na baadhi ya vitu vya jamii hiyo vinajulikana kuleta saratani. Kwamba ukiichoma rangi kwenye jiko la kawaida hujui unavuta nini. Kwamba hata yale maji ya waridi tuliyoyashangilia bado yana chumvi yote na mabaki ya magadi na siki, kwa sababu makaa hayashiki chumvi. Maji kuwa meupe si kuwa safi.

Nikamsimulia na habari ya William Perkin. Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 huko London, likizoni, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwenye maabara ndogo ya nyumbani. Dawa haikupatikana. Alipata tope lililotia hariri rangi ya zambarau. Akaacha chuo, mwalimu wake akimkataza, babake akatoa pesa, wakajenga kiwanda kando ya mfereji wa mashua huko Greenford. Rangi za kutengenezwa zilianzia hapo. Husimuliwa kwamba maji ya mfereji ule yalikuwa yakibadilika rangi kufuata kazi ya kiwandani wiki ile.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo aliacha chuo," akasema.

"Aliacha."

"Na mtaro wake ulikuwa kama wetu."

"Kama wetu."

Akafikiri. Halafu akauliza jambo ambalo mimi, na miaka yangu miwili na nusu ya kemia, sikuwa nimeliuliza: "Kwa nini tusiitoe kidogo tangu mwanzo?"

*

Mama alibadilisha mambo mawili. Zamani alikuwa akisuza kitambaa baada ya saa mbili tatu, kwa sababu wateja wana haraka. Sasa anakifunga kikiwa bado kibichi ndani ya karatasi ya nailoni, anakiacha usiku kucha kwenye joto letu la Mombasa, rangi ipate muda wa kushika. Pia hasuzi tena kwa maji mapya kila mara. Suzo la mwisho la leo, ambalo lina rangi kidogo sana, ndilo suzo la kwanza la kesho. Unga wa rangi anaoupima umepungua kwa kijiko kizima na vitambaa vimekolea vilevile. Maji tunayohitaji kuchuja yamepungua kutoka ndoo nane hadi tatu. Ndoo tatu chenga zinaziweza.

Mimi ndiye niliyesoma. Yeye ndiye aliyejua.

Ile oda niliimaliza kwa wakati. Mwishoni niliongeza ukurasa mmoja ambao haukuombwa. Niliandika kwamba majaribio mengi yanapendelea methylene blue na maji safi ya maabara, na kwamba anayetaka kusaidia watu wa karai na ndoo ajaribu na maji yenye chumvi na magadi. Niliandika kwamba kitu chenye vitundu hakiondoi rangi duniani, kinaihamisha, na mwenye kukisifia aseme pia kinatupwa wapi. Ulikuwa ukurasa bora kuliko yote niliyowahi kuandika kwenye akaunti ile.

Ulirudi kesho yake na maelezo mafupi: uondolewe, hauna marejeo, unapunguza nguvu ya hitimisho. Niliuondoa. Nilihitaji zile dola. Nikaandika kwamba matumaini ni makubwa, nikatuma, nikalipwa. Sijui mwanafunzi yule alipata alama gani. Ukurasa wenyewe ndio huu mnaousoma, sasa una jina langu.

Ijumaa moja nilichukua glasi ya bibi, ileile, nikaiosha, nikaijaza maji yaliyochujwa, nikampelekea. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hayo maji?"

"Ndiyo yanayotoka kwetu sasa."

Akaipokea, akaielekeza kwenye jua kama nilivyofanya mimi siku ile. Akainusa. "Wewe utayanywa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa anataka niseme ndiyo, nadhani, tumalize.

"Hapana, bibi. Yana chumvi bado."

Akaiweka glasi chini, akaendelea na mchele wake. Baada ya kitambo akasema, "Basi kazi haijaisha."

"Haijaisha."

"Kaa basi, unisaidie kuchambua."

Nikakaa. Kisima chake hajaanza kukinywa tena. Ananunua maji kwa mitungi, na mama humlipia miwili kila wiki bila kuambiwa. Nyuma ya mlango wa bafu letu magunia yamefika matatu. Fundi mmoja wa ujenzi ameniambia anaweza kuyachanganya na saruji, tukafyatua matofali ya kuinulia ukingo wa mtaro. Nimesoma kwamba saruji huzuia rangi isitoke, ila nataka kwanza nilifyatue tofali moja, nilitie kwenye ndoo ya maji ya mvua mwezi mzima, nione.

Liko uani sasa hivi. Leo ni siku ya 11. Kila asubuhi mama huyatazama maji ya ndoo ile kabla hajanywa chai.